Mgebuka Asiye na Tumbo

Jumatano. Ujiji kumeamka na mawingu, mvua inatishia tu bila kunyesha.

Ijumaa ndiyo mwisho. Waandaaji wa maonyesho ya Dar wanataka kiungo cha ukurasa wa mtandaoni wenye kazi zangu, na ukurasa wenyewe hadi sasa una jina langu na nafasi tupu inayouliza: Wewe ni nani? Nimeandika "msanii", nikafuta. Pale ufukweni Kibirizi hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nikaandika "fundi rangi", nikafuta tena. Huko Dar si wataniambia nikapake kuta?

Naogopa. Bora niseme. Nimemwahidi dada yangu kwamba nikikosa safari hii, nitaacha brashi nikakae dukani kwake Mwanga kuuza vitenge.

Sisi hupaka rangi wakati wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, kwa hiyo maboti yanapumzika nchi kavu. Mafundi mbao wanaziba nyufa, nami napaka. Rangi ikikauka napiga picha, boti inaingia majini, basi. Huwa sirudi kuitazama. Sitaki kuona imechubuka.

Lakini kazi yangu bora ni mgebuka, samaki wa ziwa letu, niliyemchora ubavu mzima wa boti ya Mama Tatu, na simu niliyompigia picha ilitumbukia ziwani. Kwa hiyo leo asubuhi nimejikaza, nikaenda Kibirizi maboti yakirudi.

Wamebadilisha ubao.

Katikati kabisa. Mgebuka wangu ana kichwa, ana mkia, na tumboni pana ubao mpya mtupu. Nilitaka kulia mbele za watu. Mama Tatu alikuwa anaanika dagaa mchangani, akaniona nimeduwaa, akacheka.

"Fundi, usinune. Iligonga mwamba. Nilitaka tuipake yote buluu, mambo yaishe, vijana wakagoma. Wanasema ule mkia ndio wanaoitambulia boti yao wakiwa mbali. Tunakungoja wewe. Mbalamwezi ikija, uje umtie tumbo."

"Sawa, mama. Naomba nimpige picha hivyo hivyo, inakwenda Dar."

"Dar! Ngoja basi nitoe hizi ndoo."

Tangu nirudi nyumbani nagombana na hiyo picha. Nimejaribu kuiagiza simu ijaze tumbo. Imejaza, tena vizuri, ila samaki aliyetoka hajawahi kuvuliwa ziwa hili. Nimecheka peke yangu, nikamfuta.

Hofu iko palepale. Watasema huyu hajui kumaliza kazi. Lakini ufukwe ule una vijana wengi wenye brashi, na Mama Tatu angeweza kumwita yeyote. Ubao ule wameuacha kwa ajili yangu. Sijui kitu kama hicho kinaandikwaje kwenye ukurasa.

Mgebuka nimemweka wa kwanza, juu ya boti zote zinazong'aa. Kwenye "Wewe ni nani?" nimeandika: Napaka rangi maboti ya dagaa, Kigoma. Nimetuma kiungo kabla sijabadili mawazo, na sasa natamani kukirudisha.

Ukurasa unaonyesha umetazamwa mara moja. Ni mimi huyo.

Wakinikataa, je, nitakwenda kweli kukaa dukani kwa dada? Niliahidi. Lakini mbalamwezi ikija, duka au si duka, nina tumbo la samaki la kupaka.