Mwalimu, Chokaa Ile Ilikuwa Yangu

Mwalimu,

Leo ni Jumapili na sijaenda kanisani. Nimekaa kwenye meza yako, ile yenye mguu mmoja mfupi. Tangu Jumatano nimejaribu kukuandikia. Kila nikiandika jina lako, nakunja karatasi.

Mengi yamebadilika tangu tulipokuzika kwenu Seme. Magugu maji yamefunika ziwa hadi wavuvi wanasukuma mitumbwi kwa miti kama watu wanaolima. Lakini shule yako ya uchoraji bado iko hapa Kisian, katika ghala la pamba ulilolikuta limejaa popo. Tuna wanafunzi kumi na wanane. Sisi wa kwanza tulikuwa saba, msichana ni mimi peke yangu. Unakumbuka baba alivyokuuliza, "Mwalimu, kuchora nako ni kazi?" Ukamjibu, "Mzee, jina la duka lako aliliandika nani?" Akaniacha nibaki.

Wanafunzi wako wametapakaa. Nikienda Maseno naziona chati zao kwenye madarasa. Pale Kombewa, ukutani mwa hospitali, kuna mama anayenyonyesha, mikono yake mikubwa kuliko kichwa cha mtoto. Huyo alichorwa na Owiti, yule uliyempenda kuliko sisi sote. Mtu akiona mikono anajua tulisoma wapi. "Anzeni na mikono," ulikuwa ukisema. "Uso unaweza kudanganya."

Sasa nikuambie kilichoninyima amani. Kuna mama mmoja anafundisha chuo kikuu kule Maseno, Bi. Nafula, anaandika historia ya shule yetu. Jumatano alikuja kunisomea alichokwisha kuandika. Alisoma vizuri, hata nikacheka mara mbili. Halafu akafika kwenye habari ya ukuta wetu wa barabarani. Akasoma kwamba mwalimu alifuta picha ya wanafunzi wake kwa woga.

Mwalimu, kikombe kilinitoka mkononi.

Unaijua picha yenyewe. Wanawake wamepanga foleni ufukweni, na mtu mnene amekalia kapu la samaki wao. Owiti ndiye aliyeichora, sisi tukajaza rangi. Miaka ile hata kucheka kulikuwa na hatari. Ofisa mmoja wa serikali akasimamisha gari barabarani, akauliza huyo mnene ni nani. Wewe ukasema, "Ni mtu aliyekaa mahali si pake, bwana." Hakucheka. Alisema atarudi Jumatatu, na akikuta picha bado ipo, shule itafungwa na wewe utakwenda naye.

Ulituambia picha haitoki. Nami niliiona shule imefungwa, nimerudi dukani kwa baba, wewe sijui uko wapi. Jumapili asubuhi watu wakiwa kanisani nilichanganya chokaa kwenye ndoo, nikapaka ukuta wote. Nilianza na yule mnene. Kisha nikawafuta na wanawake.

Jumatatu ofisa alipita, akaona ukuta mweupe, akaenda zake. Owiti alikwama mbele ya ukuta huo kama mtu aliyefika nyumbani akakuta matanga. Akauliza ni nani. Ukanitazama vidole vilivyochubuliwa na chokaa, nikavificha ndani ya sketi. Ukasema, "Ni mimi." Akakuita mwoga mbele yetu sote, akaondoka na wenzake wanne. Nami nilikuwa nimesimama pale pale. Sikusema.

Kwa nini hukunitaja? Miaka yote tuliyofundisha pamoja nilingoja uniulize. Hata ulipokuwa mgonjwa nilikuletea uji nikiwa na maneno mdomoni, nawe ukaniuliza tu kama rangi ya buluu imebaki.

Basi Jumatano ile nikamwambia Bi. Nafula ukweli. Aliweka kalamu chini. "Mama, unataka niandike hivyo kweli?" Nikasema andika. Lakini nikamwomba anipe siku moja, Owiti asije akayasoma kabla ya kuyasikia kwangu.

Alhamisi nilikwenda Kombewa. Nilimkuta juu ya ngazi, anaandika jina la kanisa. Akateremka akitabasamu, "Adhiambo! Nani amekufa?" Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, bila hata salamu. Alipangusa brashi muda mrefu sana. "Hata mazishini sikuja," akasema. "Nilikuwa napita barabara ya Kisian nikiangalia upande mwingine." Akarudi juu ya ngazi, na herufi aliyoiandika ilikwenda upande.

Jana wanafunzi wa zamani walikusanyika hapa, Bi. Nafula aliwaita. Nilisimama nikasema tena, mbele ya watu wote. Mmoja alitoka nje. Wengine waliangalia sakafu. Nilikuwa bado nasema Owiti alipoingia, amevaa koti. Hakunisalimia. Aliwaambia wote, "Nilimwita mwoga. Mimi." Kisha akaomba apelekwe kwako.

Tulikwenda pamoja hadi Seme. Nilibaki mbali na kaburi. Alivua kofia, akasema nawe, sikusikia. Wewe umesikia.

Njiani kurudi aliuliza ni nani anafundisha kuchora ukutani. Nikasema hakuna, tangu ufe. Tukatembea. Tulipofika barabarani akasema, "Jumatatu," akaenda zake.

Jumatatu ndiyo kesho, Mwalimu. Sijui kama atakuja. Sijui kama amenisamehe, au alikuja tu kukuomba msamaha wewe. Nimefagia darasa mara mbili. Nimeweka brashi mezani, nikaziondoa asione kama namshurutisha, nikazirudisha.

Akija, nitampisha kiti cha mbele, mimi nikae na wanafunzi. Asipokuja, nitafundisha mwenyewe, vibaya, mpaka nijue. Na kila mwanafunzi mpya atasikia kutoka kinywani mwangu ni nani aliyefuta ukuta, na ni nani aliyebeba jina baya ili msichana mwoga aendelee kuchora. Hilo nakuahidi.

Oriti, Japuonj: kwaheri, Mwalimu. Pumzika, zamu ya kusema ni yangu.

Adhiambo wako