Kwa Kiajemi Nyoka Ni Mar

Mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje na baridi ya Tukuyu? Mama je? Na bibi, bado anaamka kabla ya kila mtu kuwasha moto? Mimi sijambo, ila wiki mbili hizi yamenipata mambo yasiyoelezeka kwenye simu.

Hapa gesti ninapofanya kazi tulimpokea baharia wa Kiirani, Behruzi, mtu mzima wa umri wako. Alivunjika mguu bandarini, akafungwa hogo, meli ikaondoka bila yeye. Wakala wao akamweka kwetu asubiri kupona. Hakuwa msemaji, na chakula alikuwa anakidonoa tu.

Jumanne asubuhi nikiwa mapokezi nikasikia anapiga kelele ghorofani: "Mar! Mar!" Nikadhani ameokota Kiswahili, anataka niende mara moja. Nikamjibu, "Nakuja, mzee, subiri!" nikaendelea kuandikisha wageni. Kelele zikazidi. Nilipofungua mlango nikamkuta kasimama kitandani kwa mguu mmoja. Nikakimbilia kumshika asianguke, naye akanisukuma kifuani kwa gongo lake hadi nikarudi ukutani. Ndipo nikamwona nyoka chini ya meza, hatua moja kutoka miguuni pangu, nami nimevaa ndala.

Mlinzi wetu, Mzee Saidi, alikuja na rungu akammaliza. Nyumba ya jirani inabomolewa. Bila shaka nyoka alitokea huko.

Kumbe mar ni nyoka kwa Kiajemi, na lile neno halikunitoka kichwani. Nikamuuliza Behruzi, kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga, limetoka wapi.

"Anayejua ni binti yangu, Lale," akasema. "Anasoma lugha za kale za Iran chuoni."

"Si umpigie?"

Akainama. "Hajui kama nimeumia. Anadhani niko baharini."

"Basi muulize habari za nyoka tu."

Kesho yake alimpigia kwa video. Binti akaliona hogo. Baba, Kiajemi sikijui, lakini karipio la mtoto anayelia nalijua. Behruzi akashindwa, akanipa mimi simu! Kwa woga nikasema kwa Kiingereza, "Samahani dada, nauliza mar imetoka wapi." Akacheka huku anajifuta machozi.

Akaniambia katika maandiko yao ya kale zaidi nyoka aliitwa azhi, na neno hilo bado limo ndani ya jina la joka la hadithi zao. Kuhusu mar, wapo wanaolihusisha na neno la kale la kuua, ila yeye hana hakika. Ngamia alikuwa ushtra. Gorgan, mji wao, una jina la mbwa mwitu. Tembo walimwita pil, na Waarabu, kwa kuwa hawana p, wakasema fil. Hapo Mzee Saidi akadakia mlangoni: "Sura ya Tembo hiyo! Nimeihifadhi tangu madrasa!"

Kisha Lale akaniuliza, "Na nyinyi?"

Nikamtajia simba, tembo, nyoka.

"Hicho si Kiswahili? Nyumbani kwenu je?"

Nikasema kwa lugha yetu: injoka. Ingalamu, huyo simba. Imbwa. Ing'ombe. Nikakwama. Baba, yule binti alikuwa ameshika kalamu, ananisubiri. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Behruzi alianza kula siku ile ile, na Jumapili alisafiri kwao. Lale ndiye aliyekwenda kumpokea, wamenitumia picha.

Nakuomba kitu kimoja. Kaa na bibi, uandike majina yote ya wanyama anayoyajua, hata ya wadudu na ndege wadogo ambao siku hizi hawaonekani. Usimharakishe, na ualimu wako uuweke pembeni: usimsahihishe. Andika kama anavyotamka.

Nisalimie mama, kaka Lusajo na mkewe, shangazi wa Kyela, na mchungaji wetu. Bibi mshike mkono kwa niaba yangu.

Ndaga fijo, asante sana, baba.

Mwanao,
Atupele