Kadi ya Mjomba

Jumatatu, 3 Machi

Waraka umebandikwa mlangoni. Morfini na dawa kali zote: daktari mwenyewe aingize kadi yake kwenye kompyuta, aandike namba yake ya siri. Asimpe mtu. Nimeusoma mara tatu. Kadi ya Mjomba, daktari wetu, imo kwenye droo yangu tangu mwaka jana! Yeye anapiga simu kutoka wodini, ananitajia dawa, mimi naandika, mimi naidhinisha. Mimi, karani. Nikamwonyesha waraka. Akacheka — mwanangu, hao wanatunga sheria wamekaa, sisi tunatibu tumesimama.

Jumatano, 5 Machi

Foleni mpaka kwenye ngazi. Nimeidhinisha dawa kumi na tisa, kwa kadi ile ile.

Ijumaa, 7 Machi

Mkaguzi kaja. Mama mpole, miwani kifuani. Ana orodha: kila tulichobonyeza, saa, dakika, kompyuta gani. Tarehe 25 Februari, morfini, mzee wa kitanda cha nane. Miligramu hamsini. Mzee hajazinduka hadi leo.

Mjomba alisema tano kwenye simu. Sifuri ni yangu. Onyo jekundu lilitokea, nikalipita — linatokea hata kwa vitamini!

Mkaguzi akasema daktari saa ile alikuwa chumba cha upasuaji, daftari la mlangoni linaonyesha. Basi nani alikuwa hapa, binti? Nikasema sikumbuki. Muongo mkubwa mimi.

Nje nikakutana na muuguzi wa zamu ile. Hakusubiri salamu — mimi nilichoma kilichoandikwa, mdogo wangu, usinitolee macho.

Jumapili, 9 Machi

Mama kaniita jikoni, kafunga mlango. Kaka yangu ndiye aliyekuingiza kazini, leo umtie pingu? Nikamwambia, Mama, kuna mtu hajaamka. Akageukia sufuria. Mjomba hapokei simu yangu. Ya Mama anapokea.

Jumatatu, 10 Machi

Mjomba ameshaandika maelezo yake. Mkaguzi kanisomea: kadi iliibwa kwenye koti lake, hakujua. Anayeshukiwa — majina yangu matatu, na lile la nyumbani ambalo marehemu bibi pekee aliniitia. Hata hilo kaliandika! Kwa mwandiko mzuri kabisa.

Nimepewa mpaka saa nane niandike yangu. Sasa saa saba na nusu. Nimeandika tarehe. Nimeandika "Sifuri niliiongeza mimi." Nikaanza mstari wa pili, "Kadi nilipewa na" — Mama anapiga simu. Mara ya nne hii.