Nachomoa Waya wa Lori Ili Nisikie Sauti ya Binti Yangu

Mpendwa Shangazi,

Naomba unisaidie, ila uniahidi kwanza hutacheka, maana mimi ni mtu mzima mwenye mvi na jambo lenyewe ni la kitoto. Mimi ni dereva wa lori la mizigo, nimeishi barabarani kuliko nilivyoishi nyumbani, mke wangu alishatangulia mbele ya haki, na mtoto tuliyejaliwa ni mmoja tu, binti, sasa ni fundi umeme wa magari katika gereji kubwa ya mji mwingine, na kwa kazi yake hiyo naringa mbele ya madereva wenzangu mpaka wananikimbia. Hatujagombana, Shangazi, usije ukadhani kuna ugomvi, ni kwamba mama yake ndiye aliyekuwa anaongea, mimi nilikuwa nasalimia kisha simu namrudishia mwenyewe, na alipoondoka yule mama tukabaki wawili tusiojua pa kuanzia. Nikipiga, "Shikamoo baba." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo, uko salama?" "Niko salama." Halafu kimya, namsikia anapumua, naye ananisikia, basi nasema haya mwanangu, kazi njema, nakata, nabaki nimeshika simu kwenye kile kitanda cha nyuma ya kiti nikitazama dari ya kebini.

Sasa basi, nilibadilisha tairi za mbele. Nilipoanza tu kuondoka, taa ya njano ya ABS ikawaka kwenye dashibodi na ikakataa kuzima, ile inayokwambia kwamba mtambo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukipiga breki una hitilafu. Fundi tairi akaapa kwamba yeye kafungua nati na kufunga nati, mambo ya taa hayajui, na kweli tairi zilikuwa saizi moja, upepo sawa, sikuona kasoro. Nikampigia binti. Shangazi, tuliongea! Akaniuliza taa inawaka moja kwa moja au inawakawaka, gari likitembea inazima au la, akaniambia lala chini uangalie nyuma ya gurudumu kuna waya mwembamba unaoingia kwenye habu, pale katikati gurudumu linapofungwa, ufuate kwa kidole mpaka kwenye plagi, nami niko chali vumbini, simu iko kifuani, naye ananielekeza kushoto, hapana baba, kushoto kwako wewe, akacheka, kicheko cha mama yake kitupu. Plagi ilikuwa imelegea, waliivuta wakati wa kutoa gurudumu. Nikaisukuma mpaka ikalia tak, nikalitembeza lori kidogo, taa ikazima. "Imezima!" "Safi sana baba, umekuwa fundi." Akaaga. Nikakaa pale nikijihisi kama mtu aliyefukuzwa mahali.

Najua utanigombeza. Siku ya mapumziko iliyofuata niliingia chini ya lori, ile plagi nikaichomoa kwa mkono wangu mwenyewe, nikampigia, mwanangu, taa imerudi. Tangu hapo ndiyo imekuwa kazi yangu, tukimaliza kuongea naichomeka, nikipata mapumziko naichomoa tena, na kuna safari nimeiacha hivyohivyo na mzigo mgongoni nikateremka nayo milima. Yeye hachoki, ananiuliza habari za waya, na kati ya waya na waya ananiambia mengine, kwamba amehama chumba, kwamba jirani yake anakaanga vitunguu asubuhi mpaka nguo zote zinanukia, kwamba pale gereji wanaume wanampa tochi ashike wao wafanye kazi. Nilimwambia kuna fundi umeme karibu na maegesho yetu, labda nimwite, akajibu haraka, "Usimwite mtu baba, atakuharibia, nisubiri mimi." Na juzi kapiga yeye mwenyewe, jambo ambalo hajawahi, hata salamu hakutoa, akauliza, "Inawaka leo?" Ilikuwa imezima, nikasema inawaka.

Sasa balaa limekuja. Ameomba ruhusa kazini, anakuja Jumamosi na kompyuta yake ya kupimia magari, anasema pengine boksi lenyewe la ABS limekufa. Akiinama mara moja tu ataona plagi imetolewa na mtu. Nikiichomeka atakuta gari zima, ataona nimemsumbua bure, atageuza na basi la jioni asirudi tena. Naomba ushauri wako, Shangazi, maana wewe unaandikiwa na watu wa kila kazi: kuna kasoro gani nyingine ndogo naweza kuitengeneza, isiyo na madhara, ambayo hata fundi mzuri haikamati upesi, imweke walau mpaka Jumapili?

Ni mimi,
Dereva wa Masafa

Shangazi anajibu:

Baba wa watu, sikucheka. Nilitaka, nikashindwa.

Kabla hujasoma mstari unaofuata, toka hapo ulipo, ingia chini ya hilo lori, ukaichomeke hiyo plagi. Nenda. Majibu yangu hayana miguu, utayakuta.

Umerudi? Haya, sasa tugombane. Breki ya lori lenye mzigo umeifanya chambo cha kuvulia simu? Siku barabara imelowa, mtu akikatiza mbele yako, ukakanyaga, magurudumu yakajifunga, lori likaserereka linakotaka lenyewe, utamweleza nani kwamba ulikuwa mpweke? Huyo binti unayemtafuta atapigiwa simu, ndiyo, ila mpigaji hutakuwa wewe. Upweke naujua, baba. Mimi nikitoka nyumbani naiacha redio ikizungumza ili nikirudi nikute sauti. Lakini redio yangu haijawahi kumgonga mtu.

Na hilo la kutaka nikufundishe ubovu mpya, koma kabisa! Aibu huna? Mvi zote hizo!

Sasa nisikilize vizuri, maana barua umeiandika mwenyewe na hukuisoma. Mwanao ni fundi umeme, taa hizo ndizo ugali na mboga yake. Taa inawaka, inazima, inawaka, na kila ikiwaka wewe uko mapumzikoni una nafasi ya kuongea. Hata mimi nisiyejua kuendesha baiskeli nimeitilia shaka. Fundi gani anamkataza mteja asimwite fundi aliye hatua chache, amsubiri yeye wa mji mwingine? Fundi gani anapiga simu bila salamu kuuliza kama gari bado bovu, kama anayeogopa kuambiwa limepona? Siwezi kuapa, simo moyoni mwake. Ila ukinilazimisha niseme, nasema mwanao ameshajua zamani, na yeye pia anaiombea hiyo taa iwake.

Wewe ulidhani ulifiwa peke yako. Yeye alimpoteza mtu wake wa kuongea naye, akabaki na baba wa "kazi njema". Nani alikuwa anakata simu kila mara? Ni wewe. Ulimsikia anapumua, ukakata. Mtoto anayepumua kwenye simu hajamaliza kusema, baba.

Fanya hivi. Leo hii, ukiwa umeegesha, mpigie. Mwambie, "Plagi nilikuwa naichomoa mwenyewe. Gari ni zima. Nilitaka kusikia sauti yako." Usiyapambe wala usiyazungushe. Pengine atawaka, na ana haki, anajua kuliko wewe ni nini ulichokuwa unachezea. Mwache akugombeze mpaka achoke, kwani kugombezwa na mwanao nako ni mazungumzo. Akinyamaza, usikate. Mikono yako imezoea kukata, basi iweke mfukoni.

Halafu muulize habari za hao wanaume wanaompa tochi. Binti wa watu ana ufundi wake, anashikishwa tochi, amekwambia wewe baba yake, na wewe ukarudi kwenye waya! Hilo ndilo alilotaka uliulize. Muulize, kisha usimpe ushauri. Ushauri ni kazi yangu, wewe sikiliza.

Jumamosi aje vilevile. Lori libaki huko maegesho. Fagia nyumba, fungua madirisha, pika chakula cha watu wawili, hata kikiungua kidogo mtakula. Nenda ukamsubiri kituoni mapema, usimtumie mtu. Na ukimwona anashuka na hiyo kompyuta yake begani, ilhali ulishamwambia gari halina kitu, nakuomba sana usimuulize kaibebea nini. Mpokee mzigo, mwende nyumbani.