Mbao za Mtaro

Jumanne, 14 Mei 1985. Mwezi wa tano huu tangu niondoke Siaya.

Mvua tena. Leo wale wanafunzi wa uinjinia walirudi kwenye mtaro tunaouchimba, na mwalimu wao, kusoma jiolojia. Mmoja, Kiprono, alibandua udongo ukutani akautafuna. Otieno, mwenzangu wa kuchimba, akamuuliza, "Kijana, mimba ya miezi mingapi?" Tulicheka mpaka nyapara akageuka.

Kiprono hakucheka. Alisema udongo huo hauna mchanga hata kidogo, ni mfinyanzi mtupu, na ukiendelea kunywa maji hivi ukuta utaanguka. Akatuonyesha ufa mrefu ardhini, kando ya mtaro. "Wazee, msishuke humu bila mbao za kuzuia kuta."

Mbao tulikuwa nazo. Jana zilichukuliwa kujenga jukwaa la mkubwa wa chama anayekuja Ijumaa. Nyapara akamjibu, "Unataka tubomoe jukwaa la chama?"

Mwalimu alimshika kijana mkono, akamwambia kwa sauti ya chini, "Umekuja kusoma udongo. Andika, twende."

Wakaenda. Otieno akaenda kuutazama ule ufa.

Kesho zamu ya kushuka ni yangu na yeye. Nikikataa wataniuliza ninapinga nini, na swali hilo naliogopa kuliko ufa. Labda niseme naumwa...

Mke wangu, Mama Akinyi, nilimwambia nitarudi Agosti, shule zikifungwa. Mbao zitarudishwa mtaroni Jumamosi. Nikiiona hiyo Jumamosi, Agosti nitarudi.