Mwenye Kitambi Atangulie

Dada Akiru, ejok?

Kaa chini kwanza, nina tangazo rasmi: kakako amenunua viatu vya mbio. Usicheke. Mkimbiaji mmoja wa masafa marefu aliletwa Kakuma kutufundisha sisi wapakiaji wa magunia. Akasema timu inayotaka kudumu hufuata mwendo wa aliye mzito. Basi vijana wakanisukuma mbele: "Mzee wa kitambi, tangulia!" Miezi mingi hakuna aliyeumia mgongo, hata ofisi ikaniita Lodwar kunipa cheti.

Sasa mwanao Lomenen anakuja huko Kerio. Chakula hagusi. Mpe maziwa, usimwulize kitu. Nitakwambia mimi.

Nikiwa Lodwar napigiwa makofi, malori yaliongezeka, na Lomenen akatangulia kwa nguvu zake za ujana. Nyuma yake alikuwa Thuok, mpakiaji mwenzetu mzee kutoka kambi ya wakimbizi, ambaye aliona aibu kuachwa na kijana. Alianguka juani na gunia lake, hakuamka tena. Utasikia watu wakisema Lomenen amemuua. Hapana, dada. Alikuwa mbele anaimba, akidhani mzee bado anamfuata.

Ndugu yako mzito,
Aregae