Waliupaka Mnazi Wangu Dhahabu

Jumapili, 3 Machi

Wameupaka rangi. Mnazi wangu. Mti ulio hai, unaokunywa maji, wameupuliza rangi ya dhahabu kama fremu ya picha.

Niandike taratibu. Ijumaa Mama mdogo alikuja na gari la kukodi. Tangu duka alimokuwa anauza lifungwe ameanza kazi ya kupamba kumbi, na hii ilikuwa harusi yake ya kwanza kubwa. Alisimama barazani, akakagua vyungu vyangu sita kama anayechagua wachezaji. "Profesa, niazime huu mrefu. Jumapili unao." Profesa ndiye mimi, kwa sababu ya miwani na vitabu. Nikasema sawa. Mimi ni mtu wa sawa. Nikikanyagwa mguu, naomba radhi.

Leo umerudi. Makuti yote, juu na chini. Shina. Hata kuti changa la katikati, lile ambalo bado limejikunja na kuchongoka kama mkuki, nalo limepulizwa mpaka limegandamana. Kwenye udongo nimetoa vijiti vya meno, kifuniko cha soda na kipande cha keki.

Mama alipiga makofi. Alisema sebule yetu sasa itafanana na za watu. Kaka alipiga picha akiwa ameegemea chungu – "Profesa, leo una mti wa bei." Mama mdogo akanikumbatia, ananuka rangi. Eti wageni waliuzunguka kuliko walivyomzunguka bibi harusi.

Nikatabasamu! Kisha nikaingia chumbani nikauma mto.

Huu ndio ninaouita Kifungua mimba. Mbegu niliziokota nje ya zahanati, nikiwa darasa la nne, nikisubiri kuitwa kwa daktari. Niliziloweka, nikazifukia kwenye mchanga, nikangoja mpaka Mama akaanza kuniambia watu wataniona nina kasoro, kila siku namwagilia mchanga mtupu. Huu ulichomoza kwanza. Wadogo zake watano wakafuata kwa kujivuta. Kila mtu huiita minazi ya mapambo, na kila mgeni huuliza itazaa nazi lini. Haitazaa. Haijawahi kumdai mtu kitu zaidi ya maji na kivuli.

Jumatatu, 4 Machi

Maji – hapana. Sabuni ya kufulia – hapana. Mafuta ya kupikia – rangi imezidi kung'aa. Nikajaribu mafuta ya taa kwenye ncha moja ndogo. Rangi ikatoka, na ukijani ukatoka nayo.

Kaka alipita na taulo begani. "Mwenzio kavaa dhahabu, wewe unamwosha kwa kitambaa cha vyombo." Akacheka peke yake mpaka bafuni.

Nimesoma tena kitabu cha maktaba. Mpera ukiukata juu unachipua pembeni. Miti ya jamii ya mnazi haina pembeni. Ina kilele kimoja, ndani kabisa, na kila kuti jipya linatoka humo. Kikifa hicho, basi. Na kuti likishaharibika haliponi, unasubiri jingine. Kwa hiyo nikiyakata yote yenye rangi, mti hauna pa kutengenezea chakula. Nikiyaacha, umefungwa pua. Nimekaa na mkasi mkononi kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa.

Nimeyaacha.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimenyoosha mkono darasani. Niandike hilo, halitokei kila mwaka. Nilimuuliza mwalimu wa biolojia: jani likipakwa rangi pande zote mbili, vile vitundu vya kupitisha hewa vikizibwa, mmea unaishi muda gani?

Darasa zima likageuka. Mwalimu akasema swali zuri sana, ila halimo kwenye mtihani. Nyuma mtu akauliza kama nauliza kwa niaba ya kucha zangu. Kicheko.

Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikuona haya. Hilo nalo ni jipya.

Ijumaa, 8 Machi

Mama mdogo amekuja akicheza tangu getini. Ile picha ya Kaka imezunguka kwenye simu za watu. Amepata harusi nyingine, Jumamosi ijayo, kubwa kuliko ile, na mama wa bibi harusi ameagiza kwa kutaja: ile minazi ya dhahabu. Yote sita. Miwili iwe ya fedha.

Alizungumza amesimama, hakuweza kukaa. Alisema tangu duka lifungwe amekuwa akiitwa kwenye shughuli za watu kuosha sahani, na mwezi huu ndio mara ya kwanza mtu amemwita "mpambaji". Mama alimtazama kwa macho ambayo mimi hupewa nikileta ripoti nzuri.

Halafu Mama mdogo akaniletea zawadi. Kopo la kumwagilia maua, la bati, lenye mdomo mrefu, kitu nilichokitamani miaka. "Hili lako, fundi wangu. Wewe unanioteshea, mimi nang'arisha. Tunakula meza moja."

Ningependa awe mtu mbaya. Ingekuwa rahisi. Lakini ndiye aliyenifundisha kusuka nywele zangu mwenyewe, ndiye aliyekuja na ndizi hospitalini nilipolazwa, wakati wengine walikuja na pole tu. Sasa amesimama mbele yangu na furaha ya kweli na anataka kuniulia watoto wote.

Nilisema ahsante. Ahsante!

Jumapili, 10 Machi

Nimemwambia Mama. Alikuwa anapiga pasi sare zangu, nikasimama nyuma ya mlango wa kabati ili nisimwone uso. Nikasema sitaki minazi iende. Nikaeleza kila kitu, hewa, kilele, makuti yasiyopona. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi tangu asubuhi.

Pasi haikusimama. Akasema, "Majani huota tena. Mdogo wangu haoti."

Nikasema hayaoti, Mama, ndiyo maana nakueleza.

Akasema nilipoombwa Ijumaa nilinyamaza, na kunyamaza ni kukubali. Akasema nyumba hii haijawahi kumnyima mtu kiti wala sufuria, na haitaanza kwa kumnyima ndugu wa tumbo moja majani. Nikasema basi achukue bila kupaka. Akasema mteja anataka dhahabu, wewe unamletea kijani, hiyo ni biashara gani? Akanikunjia sare. "Chukua. Na usiende kununa huko, unanuna mpaka nyumba inaingia baridi."

Nimenuna. Nanuna sasa hivi, kwa maandishi.

Kinachoniuma ni kwamba kila alichosema kina mantiki isipokuwa kitu kimoja: kwamba mti ni kitu hai. Hicho hakimo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Jumanne, 12 Machi

Nilipata wazo na lilikuwa zuri. Bado nasema lilikuwa zuri. Makuti makavu! Zahanati wanayafagia na kuyatupa. Nikapita baada ya shule, mlinzi akaniruhusu nibebe ninayotaka, akauliza kama tunafuga mbuzi. Nikayaleta, nikayapangusa, nikayanyoosha chini ya godoro. Leo nikapuliza moja kwa rangi aliyoiacha Mama mdogo. Likang'aa vizuri kuliko yaliyo hai, kwa sababu halina unyevu. Unayachomeka kumi kwenye ndoo ya mchanga, nani atajua?

Mama mdogo alipokuja jioni nikamwonyesha. Maneno yalitoka yamebanana lakini yalitoka. Alilishika, akaligeuza, likavunjika vijani viwili mkononi mwake.

"Profesa wangu. Mama wa bibi harusi atapita anagusa kila kitu kama mnunuzi wa mashuka. Akigusa hili likimwagika mezani, nitamwambia nini? Haya ni ya kuwashia moto, si ya kumkaribishia mtu."

Akanibusu kichwani. Alinibusu kichwani kama mtoto aliyechora ng'ombe mwenye miguu mitano. Makuti yote nimeyarudisha nje, nikayakanyaga moja moja.

Jumatano, 13 Machi

Umekufa.

Nilikuwa namwagilia. Nikaona kuti changa la katikati limeinama kidogo. Nikalishika kwa vidole viwili, sikulivuta, nililishika tu, likaja lote. Bila ubishi, kama kisu kinavyotoka kwenye siagi. Chini lilikuwa jeusi, laini, na harufu ya maji ya chombo cha maua yaliyosahauliwa. Rangi ililigandisha, maji yakakaa ndani, moyo ukaoza.

Nimelirudisha mahali pake. Sijui kwa nini.

Makuti mengine yamesimama vilevile, yanawaka. Yataendelea kuwaka kwa wiki nyingi kabla mtu hajagundua. Jirani amekuja kuazima ngazi, amesimama mbele ya mnazi, akamwambia Mama jinsi ulivyostawi.

Maiti. Anasifia maiti. Na mimi nimeshika kopo la kumwagilia.

Ijumaa, 15 Machi

Nilimwambia Kaka pekee. Kwa mara ya kwanza hakutania. Akaenda akautazama, akarudi. Nikamwomba amwambie Mama mdogo, yeye anajua kuongea, watu humsikiliza.

"Sema mwenyewe. Mimi si mdomo wako."

Nikamwambia aende zake. Akasema hapa ni sebuleni, aende wapi?

Kesho asubuhi gari linakuja. Rangi ya fedha imeshafika, makopo yamepangwa chini ya meza ya chakula.

Jumamosi, 16 Machi

Niko bafuni. Nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Minazi mitano iko nami humu, mmoja uko ndani ya karai la kufulia kwa kukosa nafasi, kuti la mwingine linanichokoza sikio. Komeo nimelifunga. Niliihamisha wakati Mama yuko sokoni, nikaja na shajara kwa sababu nilijua bila kuandika nitafungua.

Gari limefika. Mlango umegongwa na kila mtu.

Kaka kwanza. "Profesa, mimi naingia kazini, nijipake manukato juu ya jasho?" Nikamwambia aoge kwa jirani. Akaondoka, nadhani alikuwa anacheka.

Halafu Mama. Alianza kwa jina langu lote, la shuleni na la ubatizo. Akasema nitoke kabla hajahesabu. Hakuhesabu. Akasema nimemwaibisha mbele ya dereva. Akasema mtoto aliyelelewa hafanyi hivi. Nililia kidogo hapo, bila sauti, nikajifuta kwa kuti. Kisha nikasema kupitia mlangoni, "Sifungui, Mama." Maneno mawili. Nilidhani dari itashuka. Nilisikia viatu vyake vimesimama pale pale, muda, halafu vikaenda jikoni.

Sasa ni Mama mdogo. Yuko peke yake.

"Profesa, nifungulie. Nakuapia nitaipaka kidogo tu, juu juu."

"Umekufa."

"Nani kafa?"

"Kifungua mimba."

"Si huu hapa sebuleni unang'aa?"

Nikamwambia avute kuti la katikati. Taratibu tu.

Akaenda. Sikusikia kitu. Nje dereva anapiga honi, mara mbili, mara ya tatu ndefu.

Amerudi. Nimejua kwa kucha zake, anagonga mlango kwa kucha, kidogokidogo, kama hataki kufunguliwa.

"Linanuka," amesema.

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

Nilikuambia! Jumanne nilikuambia, kwa makuti makavu, kwa lugha niliyokuwa nayo! Lakini hilo nimeliandika tu, sikulisema. Nilichosema ni, "Nilimwambia Mama."

"Mama yako si mimi. Mimi nimekuuliza mwenyewe, ukaniambia ahsante." Amevuta pumzi. "Wale watu wananisubiri ukumbini na meza tupu. Nikienda mikono mitupu leo, kesho naosha sahani. Unalijua hilo?"

Nalijua. Ndicho kibaya zaidi, nalijua vizuri kuliko yeyote humu ndani, na bado sijanyanyuka kwenye ndoo.

Akauliza kama nimemkasirikia. Nikasema hapana, Mama mdogo. Nikautazama mnazi ulio kwenye karai. Una kuti jipya, bado limefungwa, la kijani kibichi mpaka linaelekea manjano, halijawahi kuguswa na mtu.

Nikasema ni uongo. Nikasema, "Nimekukasirikia. Nimekukasirikia wiki mbili. Nakula na wewe nimekukasirikia, umenipa zawadi nimekukasirikia."

  Honi imenyamaza. Nasikia anakaa chini, mgongo wake umegusa mlango, komeo limelia kidogo.

"Endelea," amesema. "Nakusikiliza. Ila fanya haraka, bibi harusi anaingia saa nane."